Usimsaini kocha kabla hujaongea na mtunza vifaa wa timu aliyotoka

Mkuu, usisaini. Hata kama wakala keshafika mjini na mwenyekiti wenu keshamlipia hoteli, usisaini.

Umesema timu yenu iko Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, kocha ameondoka katikati ya msimu, na mezani mna majina matatu: kocha wa kigeni aliyeletwa na wakala, nyota wa zamani wa Taifa Stars, na msaidizi aliyebaki na timu. Ukauliza mshahara, urefu wa mkataba, kama mtangaze kabla ya dirisha dogo la usajili wa katikati ya msimu, na habari ya kocha wa makipa. Lakini katikati umepitisha maneno haya kama habari njema: "anakuja na wachezaji wake saba, kwa hiyo usajili ameshatumalizia." Mimi sikuweza kusoma zaidi ya hapo bila kushika kichwa.

Nimekaa kwenye kamati ya utendaji ya timu ya mkoani, daraja hilo hilo, na sisi tuliletewa maneno hayo hayo karibu neno kwa neno. Wakala alikuja na picha za kocha akiwa amesimama na watu wakubwa wa mpira, video za mazoezi zilizopigwa na droni, na kauli kwamba kuna timu ya Ligi Kuu inamfukuzia hivyo tuamue kabla ya Ijumaa. Kila wakala anayo hiyo Ijumaa yake. Sijawahi kuona kocha mzuri anayeoza kama samaki ikifika Jumamosi.

Sasa sikiliza hesabu ilivyokwenda, maana hapa ndipo timu zinapofia. Kocha mwenyewe mshahara wake haukuwa mkubwa, na hicho ndicho kilichowalainisha wajumbe. Hela ilikuwa kwa wachezaji. Kila mmoja alikuja na ada ya kusaini, mkataba unaovuka msimu, nyumba, na nauli ya kwenda kwao. Wakala alikuwa na fungu lake kwa kila kichwa, na tulikuja kujua baadaye kwamba benchi la ufundi, yaani kocha na wasaidizi wake, nalo lilikuwa na lake. Kwa hiyo mtu aliyetakiwa kutuambia kama beki huyu anafaa ndiye aliyekuwa anakula kwa beki huyo kusajiliwa. Utategemea akuambie hafai?

Ili wapate nafasi kwenye usajili, ikabidi vijana waondoke. Wengine wakapelekwa kwa mkopo, wengine wakavunjiwa mikataba na kulipwa kidogo kidogo. Beki wetu wa kushoto alikuwa mtoto wa mjini, mama yake anauza vitumbua nje ya geti la uwanja siku ya mechi. Alipoachwa, mtaa mzima uliacha kuja. Viongozi huwa mnasahau kwamba timu ya daraja la chini inajaza jukwaa kwa binamu, majirani na waliosoma na wachezaji. Ukiwaondoa vijana wa nyumbani umeondoa na watazamaji, na mapato ya getini ndiyo yanayowajazia basi mafuta ya kwenda ugenini.

Matokeo uwanjani yalianza vizuri, halafu masika yakaingia. Viwanja vikawa matope, mpira hauendi chini tena, na wale wachezaji wa kocha wa kupiga pasi fupi fupi wakapotea. Safari za basi usiku kucha kwenda mkoa mwingine zikawamaliza. Tulipochelewesha mishahara, kocha akaondoka, na waliokuja naye wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja na barua ya madai.

Na hapa naomba msome vizuri, kwa sababu wakala hatawaambia. Kocha wa kigeni mkimvunjia mkataba bila sababu ya haki au msipomlipa, anaweza kulipeleka dai lake moja kwa moja FIFA, shirikisho la soka duniani. Kanuni za makocha zipo tangu Januari 2021. Klabu ikishahukumiwa na isilipe ndani ya siku 45, inafungiwa kusajili wachezaji wapya hadi ilipe, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo. Timu ya Championship isiyosajili madirisha matatu inacheza na watoto wa shule, halafu inashuka.

Huyo wakala wetu? Mambo yalipoharibika hapokei simu. Msimu uliofuata nikasikia anampeleka kocha yule yule kwa watu wengine, na picha zile zile. Mtu anafilisi timu ya wananchi, anafuta vumbi suruali, anakwenda mkoa unaofuata. Inaniuma mpaka leo, na ndiyo maana naandika hivi kwa ukali. Samahani kama nimekukosea adabu, lakini nafuu ukasirike leo.

Tulikwenda kucheza Morogoro, kocha akiwa bado na sisi. Baada ya mazoezi ya jioni nikamkuta mtunza vifaa wa timu aliyotoka kocha wetu, naye yuko pale na timu yake, anaanika bipsi (vizibao vya mazoezi) kwenye uzio, bado zinachuruzika maji. Tukasalimiana. Akauliza, "Na wale vijana wake mmewachukua? Yule kipa mrefu na namba sita anayefunga bandeji goti la kushoto?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. "Kwetu walikuja dirisha dogo wakaondoka ligi haijaisha. Hata bukta za mazoezi hawakurudisha." Dakika mbili tu. Simu moja kabla ya kusaini ingetupa habari ile ile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hiyo, na siibadilishi kwa mtu yeyote: kabla ya kusaini kocha, ongea na mtunza vifaa wa timu mbili za mwisho alizofundisha. Viongozi wa klabu aliyotoka msiwategemee peke yao. Kama wanadaiwa fidia na kocha huyo, mshahara mtakaompa ninyi unaweza kupunguza deni lao, kwa hiyo watamsifia hadi aote mabawa. Mtunza vifaa hana fungu kwenye biashara hiyo. Yeye anafika uwanjani kabla ya wote na anaondoka wa mwisho. Anajua kama kocha anapanga koni mwenyewe au anakuja mazoezi yameshaanza, anawapigia kelele nani, na mapumziko ya mechi anaongea nini vyumbani. Muulize hasa: alikuja na nani, na aliondoka na nani?

Sina neno na wageni. Kocha Mholanzi Hans van der Pluijm aliichukua Singida United ilipopanda Ligi Kuu, na msimu huo wa 2017/18 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Lakini nani aliipandisha? Kocha mzawa, Fred Felix Minziro. KMC ilipopanda 2018 alikuwa Minziro. Geita Gold wakapanda naye 2021, wakaanza Ligi Kuu na kocha mwingine, kisha wakamrudia, wakamaliza nafasi ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Pamba Jiji wamepandishwa na Mbwana Makata 2024, wakaleta kocha Mserbia, na kabla ya mwaka kuisha wakampigia simu Minziro. Watu hawa wanazijua hizi ligi, viwanja vyake na mabasi yake. Kabla hamjatafuta mbali, tafuteni aliyewahi kupandisha timu yenye bajeti kama yenu.

Nyota wa zamani: kama ana leseni ya ukocha ya CAF (shirikisho la soka Afrika) inayotakiwa na TFF (shirikisho la soka nchini) kwa daraja lenu na amewahi kufundisha hata timu ya vijana, mwiteni. Kama ana jina tu, mpeni kazi ya kuhamasisha. Na leseni muione kwa macho, muihakiki TFF. Mwaka 2021 Simba nzima ilisumbuka na CAF kuhusu sifa za kocha wake Didier Gomes kukaa benchi, sembuse ninyi.

Mkataba: usizidi msimu mmoja wenye kipengele cha kuongeza mkipanda, na kiandikwe wazi kwamba usajili unapitishwa na kamati, kocha anapendekeza tu. Akikataa kipengele hicho mmeshapata jibu lenu.

Msaidizi mwacheni aongoze mechi mbili tatu wakati mnapiga simu. Mambo ya kocha wa makipa wadau wengine watakujibu. Nitumie kwa PM (ujumbe wa faragha) jina la timu ya mwisho ya huyo kocha wenu. Watunza vifaa wengi wa ligi hii nafahamiana nao, naweza kukupatia namba leo kabla ya magharibi.