Ami, tuuze shamba nikasomee usalama wa mtandao?

SWALI

Ami, shikamoo. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu, nina miaka 26. Nilisoma digrii ya teknolojia ya habari Kilifi, na huu ni mwaka wa pili nafanya kazi katika nyumba ya wageni huko Shela. Naitwa mtu wa kompyuta, lakini simu napokea mimi, boti ya kuwachukua wageni uwanja wa ndege wa Manda naita mimi, na punda wa mizigo natafuta mimi.

Desemba iliyopita mgeni wetu mmoja kutoka Uholanzi alilipa arbuni ya nyumba nzima, wiki mbili, kwenye akaunti isiyo yetu. Aliletewa barua pepe yenye nembo yetu ikimwambia tumebadilisha benki. Alifika na risiti mkononi, nasi hatujaona hata senti. Tajiri alinisimamisha mbele ya watu akasema mimi ndiye mlinzi niliyelala. Neno la siri la barua pepe tunalijua wanne, limebandikwa kwenye karatasi nyuma ya kaunta, lakini hilo hakuliuliza.

Tangu siku ile silali mpaka nisome habari za wadukuzi. Nataka kufanya uzamili wa usalama wa mtandao. Baba yuko tayari kuuza kishamba chetu cha minazi cha Matondoni. Mama anasema nianze na vyeti vifupi. Mimi mwenyewe naogopa hisabati, nilipata C. Nimekuwekea na ile barua pepe uione.

JAWABU

Marahaba, mwanangu. La shamba kwanza: mwambie babako asiuze. Ada ya uzamili ina milango mingine ya kuilipa, nitaifikia.

Barua uliyonitumia niliisoma mara tatu, ya nne nikavaa miwani. Jina la nyumba yenu lina herufi m katikati. Kwenye anwani ya huyo mwizi hamna m. Pana r na n zimekaa bega kwa bega, na kwenye kioo cha simu jicho huziunganisha zikawa m. Kilichonishtua zaidi ni salamu. Ameanza na “Karibuni sana Lamu, tunawangojea kwa hamu”, maneno yako wewe, yaleyale uliyomwandikia mgeni siku nne kabla. Anajua vyumba vingapi. Anajua hata kwamba mtoto wa mgeni hali samaki! Mtu huyo hakubahatisha. Alikuwa ndani ya sanduku la barua, lenu au la mgeni, anasoma kimya kimya akingoja siku pesa zitakapotajwa.

Kwa hiyo kabla hujauliza chuo, fungua mipangilio ya barua pepe yenu utafute mahali pa kanuni za kupeleka barua kwingine. Wezi wa namna hii hupenda kuacha kanuni moja tu: kila barua yenye neno “malipo” au “ankara”, nakala iende kwao; au barua ya mgeni anayeulizia ifichwe kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Mkibadilisha neno la siri na kanuni ikabaki, mmebadilisha kufuli na mwizi yumo chumbani. Piga picha ya kila utakachokikuta kabla ya kukifuta.

Na tajiri wako umwambie, kwa adabu, kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu, zikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Nakala za pasipoti za wageni bila shaka zimo kwenye sanduku hilohilo. Hapo tena ndipo tuulizane mlinzi aliyelala ni nani.

Haya, chuo. Mimi niliingia uzamili na miaka 41, nikiwa mkaguzi wa mifumo katika benki moja Mombasa. Ijumaa usiku napanda basi, alfajiri niko Nairobi, nanawa uso kwenye kituo cha petroli, saa mbili niko darasani. Nilidhani nitafundishwa kudukua. Muhula wa kwanza nikasomeshwa sheria, usimamizi wa hatari, usimbaji, yaani kuuficha ujumbe asiyehusika asiusome, na namna ya kuandika. Pendekezo langu la tasnifu lilikuwa kurasa 40, na nia yake ilikuwa kuzilinda benki zote za Afrika Mashariki. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa kalamu, aliandika mstari mmoja juu ya ukurasa wa kwanza: “Nani aliibiwa nini, na ilikuwaje?” Nilinuna wiki mbili. Mwisho nikaandika juu ya jambo moja dogo, kwa nini makarani hupeana maneno ya siri saa ya chakula cha mchana. Kazi niliyoipata baadaye niliipata kwa ajili ya tasnifu hiyo.

Wewe jawabu la swali la yule mama unalo tayari. Nyumba ndogo za wageni kama yenu, watu wanne sanduku moja, maelewano yote ni kwa ujumbe, na mgeni anatuma pesa kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Njia ya kuhakikisha akaunti iwe ipi, iliyo rahisi kwa mtu ambaye mkono mmoja umeshika simu na mwingine kamba ya punda? Hilo ni swali la uzamili. Utakapoandika barua ya kuomba nafasi, yale ya kupenda kompyuta tangu utotoni waachie wengine. Anza na r na n.

Pa kusoma papo. Strathmore wana uzamili wa usalama wa mifumo ya habari. Kabarak, na chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, wana wa usalama na ukaguzi wa teknolojia ya habari. Royal Holloway ya Uingereza wanaifundisha fani hii tangu 1992, wewe hujazaliwa. Georgia Tech ya Marekani walianzisha mwaka 2019 uzamili unaosomwa kwa intaneti, kozi 10, wakautangaza kwa chini ya dola 10,000 shahada nzima, na una mkondo wa sera kwa asiyetaka kuandika programu usiku na mchana. Mimi mkondo huo nauona unakufaa, ila uamuzi ni wako.

Mlango wa kulipiwa ninaoujua vizuri ni Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza: ada, nauli na posho, kwa uzamili wa mwaka mmoja, kisha urudi nyumbani ukae miaka miwili. Wanataka uwe na saa 2,800 za kazi. Ukifanya saa 40 kwa wiki, hizo ni wiki 70, na wewe uko mwaka wa pili. Basi usiache kazi kwa hasira za tajiri. Kaa uhesabu saa, na uombe barua ya kuzithibitisha mkiwa bado mnaamkiana.

Mamako ana nusu ya haki. Cheti cha Security+, cha wanaoanza fani hii, kitakupa msingi na utakisoma huku unafanya kazi. Lakini CISSP, cheti cha waliobobea, inataka miaka mitano kazini, na digrii hupunguza mmoja tu, kwa hiyo anayekuahidi cheti kamili kwa kozi ya wiki moja, mwache aende zake na kozi yake.

Hisabati, sasa. Al-Kindi wa Baghdad, karne ya 9, aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi, maana kila lugha ina herufi izipendazo. Chukua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu a. Utachoka kabla ya kufika chini. Ukiletewa fumbo la Kiswahili lenye alama moja inayojirudia kuliko zote, unabisha hodi hapo. Na RSA, njia ya usimbaji ya mwaka 1977, ambayo mpaka leo bado inatumika, imekaa juu ya kuzidisha: 53 mara 61 ni 3,233, unapata kwa kalamu. Lakini nikikupa 3,233 nikakwambia nitajie mbili zilizoizaa, utakuna kichwa. Zikiwa tarakimu 600 na zaidi, hata kompyuta hukuna. Namba tasa na mabaki ya kugawanya, basi, jioni moja moja. C yako inatosha kuanzia.

Jambo moja nakukataza kabisa. Usijaribu kuingia kwenye tovuti ya yule mwizi, wala kompyuta ya tajiri, wala intaneti ya jirani ati unajifunza. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inasema kuingia bila idhini ni faini mpaka shilingi milioni 5, au kifungo mpaka miaka mitatu, au vyote viwili, na haimuulizi mtu kama alikuwa na nia njema. Pata kompyuta kuukuu iliyo yako, uidukue mwenyewe nyumbani.

Kisha niandikie ukurasa mmoja, usizidi: kilichoibwa, saa ngapi, nani aligundua, nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Nipate kabla ya Maulidi, maana mji ukishajaa wageni hutapata nafasi ya kuandika, na mimi utanikuta msikiti wa Riyadha. Na kesho ukifika kazini, kabla hujaweka mkoba chini, ile karatasi ya nyuma ya kaunta ibandue.