Re: Nikigeuza muundo wa Wankel, sili zitadumu?

Ndugu, wazo lako la kugeuza Wankel (injini inayotumia rota, kipande kinachozunguka, badala ya pistoni) ili rota iwe na ncha mbili ndani ya hausingi, yaani ganda lake, ya pembe tatu lina mashiko. Kwenye Wankel sili za ncha (vipande vya kuziba mwanya kati ya rota na hausingi) huzunguka na rota, kwa hiyo oili ya kuzilainisha huishia kuungua pamoja na mafuta. Ukizihamishia kwenye hausingi zinatulia, unazipa oili moja kwa moja. LiquidPiston, kampuni ya injini ya Marekani, imepita njia hiyohiyo.

Ila mchoro wako hauonyeshi hewa inaingilia wapi. Wao wanaipitisha ndani ya rota yenyewe. Anzia hapo, kisha kagua kona sili zinapokutana: kompresheni (hewa iliyogandamizwa) hupenda kuvujia hapo. Chonga modeli ya plastiki kwanza, uizungushe kwa mkono.