Jiliwa la babu: usikimbilie rangi

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kupulizia rangi jiliwa la babu, kile kifaa cha kubania vitu vya kufanyia kazi, juu ya kutu. Hapana, itabanduka yote. Lifungue kwanza. Parafujo iliyoganda imwagie mafuta ya taa, ilale usiku kucha. Usiitwange kwa nyundo, chuma cha kalibu hupasuka. Rangi ya zamani huenda ina risasi, ile metali yenye sumu, basi ikwangue ikiwa imelowa, barakoa usoni. Vipande vyenye kutu viloweke kwenye siki siku moja, suuza kwa maji ya magadi, kausha papo hapo. Futa kwa thina, piga praima (rangi ya msingi), halafu rangi ya mafuta, tabaka mbili nyembamba. Meno ya taya na parafujo usiviguse kwa brashi. Mimi nilipaka kila mahali, taya zikagoma kufunguka wiki nzima!