Lady Be Good ilipitaje kituo chake?

Ndugu, umeuliza iliwezekanaje Lady Be Good, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, ipite kituo chake bila rubani kujua. Ulikuwa usiku wa Aprili 4, 1943, wakirudi Soluch, Libya, kutoka shambulio la Napoli. Maelezo yanayokubalika zaidi: kifaa chao cha redio kilionyesha tu mstari ambao kituo kilikuwa juu yake, hakikutofautisha kama kipo mbele au nyuma. Wakadhani bado wako juu ya bahari, kumbe jangwa limewameza. Mafuta yakiisha, wote 9 wakaruka kwa miavuli. Mwavuli wa mmoja haukufunguka sawasawa. Wanane walitembea siku kadhaa kuelekea kaskazini na nusu chupa ya maji. Kinachoniuma: ndege ilianguka upande wa kusini, na ndani mlikuwa na maji.