Kisu cha kukunja na jiwe la umeme: mkuu, shuka kwenye hiyo daladala

Mkuu, kabla hujafika Mwanjelwa, rudisha kisu mfukoni.

Umeuliza hapa jukwaani mambo manne: kisu gani cha kukunja tunachokipenda kwa kutembea nacho kila siku, kiwe na urefu gani, kikae mfukoni au kiunoni, na hapa Mbeya utatambuaje kisicho feki. Waliotangulia wamekumwagia majina ya visu kama mnada. Hakuna aliyesoma mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia kama mtu anayeaga: kwamba Opinel yako Namba 8, kile kisu cha Kifaransa cha mpini wa mti, imekuwa butu na unaipeleka Mwanjelwa kwa fundi wa jiwe la umeme, lile la kunolea linalozungushwa na mota, "aipige makali, buku tu".

Buku hiyo mimi nilishailipa. Kisu kinarudi kinang'aa kama kijiko cha harusi, kinanyoa malaika ya mkono mbele ya macho yako, na wiki haiishi kimeshindwa ganda la chungwa. Na kabla hamjanicheka, kakagueni visu vya jikoni kwenu. Nusu yenu mna ugonjwa huo huo ila mnalilaumu duka.

Tatizo ni joto. Jiwe la mezani la inchi sita kwenye umeme wetu wa Hz 50 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wake unapita juu ya chuma chako mita 22 au 23 kila sekunde. Grainda ya mkono ya inchi nne na nusu ni balaa zaidi, mizunguko 11,000, zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Zile cheche nzuri ni chembe za kisu chako zinaungua. Sasa angalia umbo la kisu: mgongoni kina unene wa milimita moja na nusu hivi, halafu kinapungua mpaka kwenye makali hakuna kitu. Joto likiingia kwenye uzi ule wa chuma halina pa kukimbilia. Mgongo utaugusa kwa kidole useme "mbona hata hakijapata moto", wakati makali yameshapita nyuzi 300.

Chuma cha kaboni kama cha hiyo Opinel yako, kiwandani hupashwa moto mpaka chekundu, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa tena kidogo, kwa kawaida nyuzi 200 hivi, kisiwe chepesi kuvunjika kama kioo. Ugumu ulionunua unakaa hapo. Ukikipasha zaidi ya hapo baadaye, kinalainika, na hakirudi chenyewe kikipoa. Chuma chenyewe kinakuandikia kilipofika: manjano kama majani makavu ni nyuzi 220 hivi, kahawia 250 na kitu, zambarau 280, bluu 300. Ukiona bluu kwenye ncha, pale una msumari tu, wenye umbo la kisu. Na ncha ndiyo huanza kila mara, kwa sababu ni nyembamba na fundi humalizia hapo akiwa ameelemea kwa nguvu zote.

Chuma kisichoshika kutu kinadanganya zaidi. Chenyewe kinahitaji joto kubwa zaidi kuonyesha rangi hizo hizo, kwa hiyo mwenye Victorinox, kile kisu cha Uswisi, asijifariji kwamba chake "hakikubadilika rangi". Mlio wa springi utabaki ule ule, makali ndiyo yatakuaga.

Sasa fundi. Nitamtaja kwa cheo tu maana hata jina lake silijui, na akiwa anasoma hapa namsalimia kwa kubana meno. Kisu kikishatoa bluu, anakichovya kwenye ndoo, kinalia *tssss*, anakwambia: "Hapo nimekikazia chuma, bosi." Hakuna alichokaza! Ili maji yakaze chuma cha namna hiyo, kwanza kiwe chekundu, nyuzi 800 hivi. Kukichovya kikiwa kwenye 300 ni kukipoza, basi, kama unavyopoza uji. Ndoo ingekuwa na maana kama angechovya *kabla*, kila baada ya sekunde moja au mbili za kugusa jiwe, kisu kisipate hata uvuguvugu wa kuuhisi kidoleni. Wapo wanaofanya hivyo, wachache, na utawajua kwa sababu foleni yao haisogei. Wengine wanajua ujanja wa pili: wakishaunguza wanapitisha msasa laini, bluu inafutika, unalipa huku unashukuru. Rangi ni ngozi tu. Ulaini uko ndani.

Unataka kujua kama chako kimeshaunguzwa? Chukua tupa kuukuu, iguse taratibu sana karibu na mpini, pale jiwe lisipofika, halafu iguse karibu na ncha. Sehemu isiyoungua, tupa inateleza au inakwaruza kwa shida. Iliyoungua, tupa inauma na kukokota kama kwenye msumari. Hakuna mjadala hapo.

Kwa panga hasara hiyo inavumilika, ndiyo maana watu hawaelewi napigia kelele nini. Panga ni pana na nene, na kazi yake ni kufyeka. Kisu cha kukunja kina mambo mengine matatu ambayo jiwe la umeme linaharibu, na mafundi wengi hawajawahi hata kuyafikiria.

La kwanza ni ncha. Kisu kikifungwa, makali yanaingia ndani ya mpini na mgongo unabaki nje. Fundi akila upande wa makali ili achonge ncha upya, ncha inapanda kuelekea mgongoni. Ukikifunga, inachomoza nje ya mpini. Kiweke mfukoni, panda bodaboda mpaka Uyole, utajua ninasema nini, na usiombe ujue ni paja gani. Ncha ikivunjika husagwa kutoka *mgongoni*, kwa mkono, mpaka mgongo ukutane na makali. Kisu kinafupika kidogo lakini kinalala ndani salama.

La pili ni pale makali yanapokutana na shina, jirani na mpini. Jiwe la mviringo haliwezi kufika vizuri, kwa hiyo linachimba kishimo. Baadaye ukikata nyanya juu ya ubao, ngozi inabaki imeunganika kama mkufu kwa sababu pale kwenye shimo makali hayagusi ubao. Na kwa visu vya springi aina ya Victorinox, kile kinundu cha chini ya shina ndicho kinachozuia makali yasigonge springi ndani ukifunga. Kikilambwa na jiwe, kisu kinazama zaidi, makali yanagonga chuma kila unapofunga, na unabaki kujiuliza mbona hakikai makali hata siku moja.

La tatu ni vumbi la jiwe. Linaingia kwenye riveti, ile pini inayoshika kisu kwenye mpini, na kukaa humo likisaga. Opinel huwezi kuifungua riveti, Victorinox pia. Ya Victorinox suuza kwa maji ya moto yenye sabuni, fungua na kufunga ndani ya maji mara ishirini, kausha vizuri, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila riveti. Mpini wa mti usiuloweke. Tumia brashi ya meno kavu, kisha mafuta kidogo.

Kama umeshachelewa, kisu bado kinaokoka, ila kwa jasho. Sehemu iliyolainika mara nyingi ni ukanda mwembamba, milimita moja, mbili ikizidi sana. Isage kwa mkono kwenye upande mkwaruzo wa jiwe la kunolea la mkono, maji mengi, mpaka umepita chuma kibovu. Tenga saa nzima au mbili. Ikiwa bluu imeshika theluthi ya kisu, kifanye cha kufungulia mifuko ya saruji, usikitese.

Kunoa kwenyewe? Hata hakuhitaji fundi. Nunua duka la vifaa vya ujenzi jiwe la mstatili lenye pande mbili, moja mkwaruzo na moja laini. Liweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze, limwagie maji, na tone la sabuni ya vyombo. Pembe ni nyuzi 20 hivi kila upande. Hujui kukadiria? Simamisha kisu wima, kilaze nusu, kisha nusu tena: hapo una 22 na ushee, inatosha kabisa. Au pima mgongo: kwa kisu chenye upana wa milimita 18 hivi, mgongo uinuke milimita 6 kutoka kwenye jiwe. Sukuma kama unataka kumenya jiwe ngozi nyembamba, kutoka shinani hadi nchani, na ukikaribia ncha inua mpini kidogo ili pembe isibadilike.

Baki upande *mmoja* mpaka ukipapasa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, unahisi kama ukucha unakwama. Ule ni ukingo wa chuma uliojikunja, na ndiyo dalili ya uhakika kwamba umefika kwenye makali. Wengi wanageuza geuza kisu kila mara, hawafiki, wanakata tamaa na kukimbilia mashine. Ukiupata urefu wote, geuza, fanya hivyo upande wa pili, kisha hamia jiwe laini, msukumo ule ule lakini mkono mwepesi. Mwisho pishana pande, mara moja moja, bila kukandamiza. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, upande wa nyuma usiopakwa rangi, ukikivuta mgongo ukitangulia, mara kumi na tano kila upande. Kipime kwenye ngozi ya nyanya iliyoiva bila kukandamiza. Usikipime kwa kidole gumba ukikipitisha kwa urefu, hatuna zahanati humu jukwaani. Safarini huna jiwe? Geuza kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri sana.

Haya, visu vyenyewe, maana mods, wasimamizi wa jukwaa, wataniambia nimetoka nje ya mada.

Opinel Namba 8 uliyonayo ni chaguo langu la kwanza. Ya Ufaransa, Savoie, tangu 1890. Pete yake ya kufungia iliongezwa 1955, na hiyo pete ndiyo inayofanya iwe salama kuliko vile vya "kufyatuka" unavyoviona vimepangwa juu ya turubai. Kisu sentimita 8.5, na hilo ndilo jibu la urefu: chini ya hapo huwezi kupasua mkate, juu ya hapo watu wanaanza kukutazama. Tatizo lake ni mpini wa mti. Kwa mvua za Tukuyu unavimba na kisu kinagoma kutoka. Usikikaushe motoni. Gonga kisigino cha mpini kwenye kitu kigumu, kisu kitachungulia, ukivute. Kabla ya masika paka nta ya nyuki kwenye mlango wa mpini, mpini ukiwa umekauka kabisa. Ukikata parachichi, ndizi na maembe kila siku, chuma cha kaboni kitakuwa kijivu na cheusi cheusi. Hiyo si kutu, iache. Kutu ni nyekundu. Asiyetaka kukifuta kila mara achukue kile kilichoandikwa INOX, yaani chuma kisichoshika kutu.

Victorinox ya mpini wa alumini, ya milimita 93 ikiwa imefungwa, kwa aliye kwenye maji na tope kutwa. Haina mti wa kuvimba, chuma chake kiko karibu 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, yaani kinanoleka haraka na kinachoka haraka. Ila haina kufuli, usichimbe wala kuchoma nayo, na asubuhi ya Juni kule Makete vidole vikiwa ganzi utahangaika kuifungua kwa kucha mpaka basi likuache.

Okapi ile ya pete, ambayo wazee wengi wanaijua, ilianza Ujerumani 1902 kwa ajili ya soko la Afrika na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Chuma cha kaboni, bei ya mwananchi. Inalia *krrr* ukiifungua, na ukiifungua kwenye basi la Mafinga abiria watabadilisha viti. Menyea chungwa nyumbani.

Feki: ukiona "440", jina la kundi la chuma kisichoshika kutu, bila herufi A, B au C, hujaambiwa kitu. Mawimbi ya "Damaski", yaani ya chuma cha tabaka tabaka, yakifutika kwa msasa na yasirudi hata kisu kikipakwa asidi, ni mchoro. Na kile kinachofyatuka, fungua, geuza mgongo, ukandamize polepole juu ya meza huku vidole viko mbali na njia ya makali. Kikijifunga, mrudishie mwenye turubai.

Kuna kitu kingine uliuliza, cha mfukoni sijui kiunoni. Sikumbuki, na kurudi juu kusoma siwezi, bando linaisha. Daladala umeshuka?