Jibu: Mishkaki Mji Mkongwe kwa usiku mmoja

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza wewe na mkeo mkishuka boti Zanzibar jioni mkale wapi nyama ya kuchoma. Wengi watakwambia Forodhani, na si uongo: bustani ilitengenezwa upya 2009, pahala pazuri pa kupunga upepo, kunywa juisi ya miwa na kuwatazama vijana wakijirusha baharini. Lakini ulizeni bei mwanzo. Mie niliwahi kuuziwa pweza aliyepashwa moto mara ya pili, mgumu kama kandambili.

Kwa mishkaki, ingieni vichochoroni baada ya Magharibi, mfuate moshi. Tafuteni jiko lililozungukwa na wenyeji, mpishi anapepea makaa kwa kipepeo cha ukili, mafuta yanadondoka na kuchachatika. Nyama iliyolazwa kwa papai bichi, thomu na tangawizi huachia kijiti yenyewe. Ikiwa mnavutana nayo, hameni. Agizeni na mkate wa ajemi, ukwaju wa pilipili umiminwe juu, si pembeni.

Msichelewe lakini. Juzi nimefika saa tatu na nusu, nimekuta majivu na paka.