Kwa anayeanza kusoma nishati: usiishie kwenye safu mbili

Karibu kila anayeanza somo la nishati hukutana kwanza na jedwali lenye safu mbili. Safu ya kwanza ina jua, upepo, maji, jotoardhi na mimea. Ya pili ina makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na urani, madini yanayotumika kuzalisha umeme wa nyuklia. Wengi hulikariri wakiamini kwamba safu ya kwanza ni safi na ya pili ni chafu, na imani hiyo huwafuata hadi kazini.

Jedwali hilo hujibu swali moja tu: je, chanzo hiki hujirudishia kile tunachokitoa kabla hakijaisha, yaani ni jadidifu? Suala la uchafuzi halimo. Mwaka 2014 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa makadirio ya gesi joto (gesi zinazonasa joto angani) kwa kila uniti moja ya umeme (kilowati-saa), yakihesabu maisha yote ya mtambo, kuanzia uchimbaji wa malighafi hadi kuubomoa. Makaa ya mawe yalikuwa na gramu 820, gesi asilia 490, paneli za jua za mitambo mikubwa 48, maji 24, nyuklia 12 na upepo wa nchi kavu 11. Urani huchimbwa na huisha, lakini kwa kipimo hiki imekaa jirani na upepo. Mzigo wake uko kwingine: taka zinazobaki na mionzi kwa maelfu ya miaka, na ajali ambazo ni nadra lakini nzito, kama Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011.

Hata kujirudisha kwenyewe kunategemea unachukua kwa kasi gani. Kuni ni jadidifu pale tu msitu unapokua haraka kuliko shoka. Jotoardhi nayo ni hivyo hivyo. Kule The Geysers, eneo la mitambo ya jotoardhi huko California, Marekani, visima viliongezwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 mvuke ukaanza kupungua, kwa sababu maji yalikuwa yakitoka ardhini haraka kuliko yalivyorudi. Joto la miamba lilikuwepo bado, kilichopungua ni maji. Baadaye yakajengwa mabomba ya kupeleka huko maji taka yaliyosafishwa kutoka miji ya jirani ili yaingizwe ardhini. Ukisoma mradi wowote wa jotoardhi, tafuta kwanza maji yanayotolewa yanarudishwa wapi.

Kwenye mabwawa nakuomba utulie zaidi, maana hapa neno "umeme wa maji" hufunika vitu viwili tofauti kabisa. Linganisha mawili. Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paraguai, lina uwezo wa megawati 14,000 na ziwa la takriban kilomita za mraba 1,350. Balbina, ndani ya msitu wa Amazon huko Brazili, lina megawati 250 tu, na ziwa lake linazidi kilomita za mraba 2,300. Gawanya mwenyewe: kwa kila megawati, Balbina limefunika ardhi karibu mara mia ya Itaipu. Sababu ni umbo la nchi. Balbina lipo kwenye tambarare, maji yakatanda badala ya kupanda. Msitu mwingi uliachwa umesimama, ukaoza chini ya maji kusiko na oksijeni na kutoa methani, gesi ambayo kilo kwa kilo, katika miaka 100, huongeza joto karibu mara 28 kuliko hewa ukaa (kaboni dioksidi). Ile gramu 24 ya IPCC, basi, ni thamani ya kati. Bwawa unalolichunguza linaweza kuwa mbali nayo sana. Tena hakuna gramu inayohesabu familia zilizohamishwa wala mvuvi wa upande wa juu wa mto ambaye samaki hawamfikii tena. Hayo yaandike kwa maneno, lakini yaandike.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo naliogopa zaidi kwa sababu husikika kama busara: kusema kwamba kwa kuwa kila chanzo kina madhara, basi vyote ni sawa. Si kweli. Kutengeneza paneli hutumia umeme na madini, ndiyo, lakini nishati hiyo hurudishwa ndani ya miaka michache, na paneli huendelea kuzalisha kwa miaka 25 au zaidi. Makaa ya mawe hayana siku ya kurudisha deni: kila kilo ya kaboni inayoungua huchukua oksijeni ya hewani na kuwa takriban kilo 3.7 za hewa ukaa, leo na kesho.

Kwa mazoezi, chagua mtambo mmoja halisi, usichukue "jua" au "upepo" kwa ujumla. Tafuta megawati zake, kisha uniti ambazo mtambo huo umezalisha kwa mwaka mzima. Usichanganye hizo mbili: megawati 100 za jua, mtambo ukifikia asilimia 20 ya uwezo wake kwa wastani wa mwaka, hutoa umeme sawa na megawati 20 zinazofanya kazi bila kusimama. Andika ardhi iliyochukuliwa, maji yanayotumika, na nani anaishi hapo. Mwisho jibu swali ambalo ripoti nyingi hulipita haraka: jua likizama au upepo ukitulia, ni mtambo gani unaojaza pengo, na wenyewe unachoma nini?